Siku Tuliyokaa Kimya Kilimani

Kila asubuhi naamshwa na sauti ya jirani yangu Kornelia. Si ugomvi. Anaongea na ng'ombe wake. Akiwa anakamua huwaeleza habari zote za kijiji, na ng'ombe anayeitwa Kijivu akirusha teke, Kornelia humwambia, "Wewe nawe hupendi kusikia ukweli." Mumewe, mzee Basili, husimama kando na fimbo yake, anasubiri. Maziwa yakishaingia ndani, anafungua zizi. Ng'ombe sita wanateremka wenyewe hadi bondeni.

Bonde hilo ndilo malisho ya kijiji chetu, upande huu wa Nangwa. Halina mwenyewe, ni la wote. Mvua ikichelewa, majani ya huko hubaki mabichi wakati kwingine kumekauka. Sisi wa kitongoji cha Kilimani mashamba yetu ni madogo, yamebanwa na mawe. Bila bonde hakuna ng'ombe. Bila ng'ombe hakuna maksai wa kulima, hakuna samadi, hakuna maziwa ya mtoto wa Eva. Eva ni binti yao wa kwanza, anakaa nao hapo nyumbani.

Mimi ni Mwalimu Agatha. Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja. Sasa nimestaafu, na kila Alhamisi nafundisha watu wazima kusoma na kuandika, parokiani. Kornelia ni mwanafunzi wangu. Nasema haya mapema, ili ujue kwamba kosa nitakalolisimulia siwezi kulisingizia kutojua kusoma.

Habari yenyewe ilianza wakati wa kampeni za kumchagua mwenyekiti wa kijiji.

Kijijini kwetu vyama vinavyosikika ni viwili tu. Kimoja alama yake ni kengele, kingine alama yake ni mwavuli. Vingine huenda vipo, lakini havijawahi kupanda kilima chetu. Watu husema Kengele na Mwavuli, basi.

Uchaguzi uliopita, Kengele ilimsimamisha Patriki. Mwavuli ikamsimamisha Nikolausi. Patriki alisema atalipima bonde na kuweka mawe ya mpaka, ili mtu yeyote asiliguse. Nikolausi alisema Patriki ni mwongo, hatapima kitu. Tulimchagua Patriki. Nikolausi alikuwa amesema kweli. Miaka mitano ilipita, hata jiwe moja hatukuliona.

Sasa sikiliza vituko vya mwaka huu. Patriki aliangushwa kwenye kura za maoni za chama chake. Akanuna, akahamia Mwavuli. Nikolausi alipomwona Patriki amekaribishwa Mwavuli na kupewa nafasi ya kugombea, naye akanuna, akahamia Kengele. Kengele nao wakamsimamisha. Wakawa wamebadilishana kofia, na hotuba pia wakabadilishana. Safari hii Nikolausi ndiye aliyesema atalipima bonde. Patriki ndiye aliyesema Nikolausi ni mwongo.

Kornelia anazo kanga nne za uchaguzi. Siku ya mkutano wa Patriki alivaa kanga ya Kengele, maana Patriki mwenyewe ndiye aliyempa kanga hiyo miaka mitano iliyopita. Vijana wa Mwavuli wakaanza kumzomea. Wakamwambia amepotea njia, aende kwa wenzake. Kornelia akajitazama kifuani, akauliza kama hii siyo kanga ya Patriki. Patriki, pale mbele kwenye kipaza sauti, akaanza kukohoa.

Kornelia alirudi nyumbani amechanganyikiwa. Jioni tulikaa jikoni kwake, yeye anasonga ugali, mimi nachochea moto. Kisha akaniuliza.

"Mwalimu, mimi nampigia kura mtu au napigia kitambaa?"

Miaka thelathini na moja ya ualimu, na swali la mwanafunzi wangu wa Alhamisi limenishinda! Nilimwambia aangalie ugali usiungue.

Basili alikuwa mlangoni, anasikiliza. Yeye alikuwa amekwenda kwenye mikutano yote miwili. Alisema kwamba angefumba macho asingeweza kujua yuko kwa nani. Ahadi ni zilezile, nyimbo ni zilezile, hata soda waliyopewa ilikuwa ni aina moja. Alisema ni kama kuulizwa uchague kupigwa kwa mkono wa kulia au wa kushoto.

Ndipo akapata wazo lake.

Kwetu wazee wana utaratibu wao wa kikao. Jambo likiletwa, kila mmoja husema lake. Mzee asiporidhika, anaweza kunyanyuka bila neno akaenda kukaa nyumbani kwake. Hapo kikao kimekwama. Baraka ya kufunga haisemwi wakati mtu amekaa kwake na moyo mzito. Lazima watumwe watu wawili wamfuate, wakae naye, wamuulize ana nini. Hata ikichukua wiki, watamfuata.

Baba yake Basili aliwahi kufanya hivyo. Ilikuwa kesi ya shamba la mjane mmoja. Wazee walitaka kumpa shemeji yake. Baba yake Basili akanyanyuka, akaenda kwake, akakaa siku kumi na moja hasemi na mtu. Siku ya kumi na mbili walimfuata. Mjane akarudishiwa shamba lake. Kilimani hakuna mtu asiyeijua habari hiyo.

Basili alisema, "Kura nayo ni kikao. Ni kikao cha kijiji kizima. Tukikaa majumbani Kilimani yote, hawataweza kufunga. Watakuja kutuuliza tuna nini. Hapo tutawaambia habari za bonde. Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Jamani, maneno yale yaliniingia. Yalikuwa na heshima ndani yake. Kesho yake Basili alipita nyumba kwa nyumba, na mimi nilipita naye. Ndiyo, mimi mwalimu. Watu walikubali haraka, maana kila mtu alikuwa amechoka, na kila mtu alikuwa na kanga mbili asizojua avae ipi.

Siku ya kura ilifika. Hakuna mtu wa Kilimani aliyeteremka. Basili alivaa koti lake la harusini. Alitoa vigoda vyote nje. Vya kwake vilikuwa vitatu, viwili aliazima kwangu, na vinne kwa jirani yetu Gidahosh. Akavipanga mbele ya zizi, duara nzuri, kwa ajili ya watu watakaokuja kutuuliza. Kornelia alipika kande na birika kubwa la chai.

Tukasubiri. Saa nne hakuja mtu. Saa saba hakuja mtu. Pikipiki moja ilisikika inapanda, Basili akafunga vifungo vya koti. Ilikuwa inapeleka mafuta ya taa dukani. Saa tisa chai ilikuwa imepoa mara ya pili. Gidahosh alisema labda wanahesabu kwanza waone nani hayupo. Tulikubali kwamba ndiyo, lazima wahesabu kwanza.

Jioni tukasikia nyimbo na vigelegele kutoka chini, huko kwenye ofisi ya kijiji. Gidahosh akateremka kuuliza. Aliporudi alikaa kwenye kigoda kimoja cha wageni, akavua kofia.

Nikolausi alikuwa amepata kura mia mbili na nane. Patriki mia moja tisini na saba. Kura zilizoharibika tatu. Nikolausi ndiye mwenyekiti, na watu wamekwenda kwao.

Tofauti yao ilikuwa kura kumi na moja. Sisi wa Kilimani tuliojiandikisha tulikuwa mia moja arobaini na sita.

Kornelia aliuliza, "Na sisi? Sisi wametuandika wapi?"

Gidahosh alisema ameitazama karatasi iliyobandikwa ukutani, juu hadi chini. Hakuna mahali. Hata zile kura tatu zilizoharibika zimeandikwa. Sisi hatukuandikwa.

Basili alifungua vifungo vya koti lake. Niliona aibu kumtazama. Vigoda vilibaki nje, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuvirudisha ndani.

Miezi miwili baadaye, Basili alipeleka ng'ombe bondeni akakuta vijiti. Vilikuwa vimechomekwa kwa mstari, kila kimoja kimepakwa rangi nyeupe. Alikwenda kwa Nikolausi kuuliza. Nikolausi alimwambia kuna mtu kutoka mbali ameomba bonde alime ngano kwa trekta, na halmashauri ya kijiji imeona ni jambo la maendeleo. Basili akamkumbusha kwamba aliahidi kulipima liwe malisho. Nikolausi akacheka kidogo.

"Mzee Basili, nyinyi wa Kilimani hamkuja hata kunipigia kura. Leo mnanidai nini?"

Basili alirudi amezeeka ghafla. Akaanza kupanga kuwahamisha ng'ombe. Mdogo wake Yohanes anaishi Yaeda Chini, na huko malisho yapo, lakini ni safari ya siku nyingi kwa miguu na njia ni mbaya. Alitanguliza mitamba wawili pamoja na kundi la Gidahosh. Mmoja alifika. Mwingine alivunjika mguu kwenye korongo, wakamchinja hukohuko. Maksai wawili ndio wangefuata, kabla mvua hazijaanza. Wakiondoka hao, Basili angelima kwa jembe la mkono, na mgongo wake unaujua umri wake.

Asubuhi sikuamshwa tena na kelele. Kornelia alikuwa anakamua kimya. Mimi ndipo nilipoogopa kweli.

Siku ya gulio nilimchukua twende Katesh, kununua dawa ya minyoo ya ng'ombe. Duka tunalonunua ni la binti mmoja anaitwa Raudha. Familia yao ni wafanyabiashara, babu yao alikuja kutoka Kondoa na magunia mawili ya chumvi. Raudha anauza dawa za mifugo na mbegu. Pia alipata mafunzo ya msaidizi wa kisheria. Watu wenye shida za ardhi na mirathi huenda kumwuliza, naye huwaeleza bure, huku anapima mbegu.

Alitusalimia kama kawaida yake, shikamoo mama, shikamoo mwalimu. Kornelia aliitikia marahaba mwanangu, kisha machozi yakamtoka mbele ya chupa za dawa. Raudha alimletea kiti. Kornelia akamweleza yote, kanga, kikao, vigoda, hesabu za kura, vijiti vyeupe, mtamba aliyevunjika mguu.

Raudha hakucheka. Nilimpenda kwa hilo.

"Mama, kwenye kikao cha wazee kuna watu wanaotazama kigoda chako, wanaona hakina mtu," alisema. "Sanduku la kura halina macho. Linahesabu karatasi zilizoingia tu. Hamkukosea kuchukia. Mlikosea mahali pa kukaa kimya. Asiyekuwepo na lake halipo."

Kornelia alijifuta uso. "Lakini wale wawili ni walewale. Ningekwenda, ningemchagua nani?"

"Hilo siwezi kukuambia, na mtu asikuambie. Ukiingia kupiga kura uko peke yako. Ila kanga usiitazame. Mtazame mtu alifanya nini alipokuwa na nafasi. Na wakati wa kampeni ndio wakati wa kumwuliza mbele ya watu, jina lake na ahadi yake mkaziandika. Hata kura moja, ndiyo yako. Nyinyi mlikuwa mia na arobaini, na wao walipitana kwa kumi na moja. Yeyote kati yao angewapigia magoti."

Niliona haya. Ile hesabu niliijua tangu siku ya kwanza, ila sikuthubutu kuisema kwa sauti.

Kornelia alisema sasa imeshapita, mpaka miaka mitano mingine. Bonde litakuwa limelimwa.

Raudha aliweka chini chupa aliyoishika. "Mama, bonde ni la nani?"

"La kijiji."

"Na kijiji ni nani?"

Kornelia alinitazama mimi. Mimi nilitazama rafu ya dawa.

Raudha akatueleza taratibu, kama anayemfundisha mtu njia ya kwenda hospitali. Mwenyekiti si mwenye kijiji. Halmashauri ya kijiji nayo inapokea maombi ya ardhi na kusimamia, lakini kuigawa ardhi ya kijiji ni lazima mkutano mkuu wa kijiji ukubali kwanza. Na mkutano mkuu ni watu wote. Kila mkazi aliyefikisha miaka kumi na minane ni mjumbe, mwanamke na mwanamume. Unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Pale husomwa mapato na matumizi, na watu wanauliza. Kila jambo huandikwa kwenye muhtasari.

"Pale mlangoni hakuna anayeuliza kadi ya chama," alisema. "Uwe Kengele, uwe Mwavuli, uwe huna chochote. Mara ya mwisho mmehudhuria lini?"

Nilijibu mimi, maana nilikuwa na hatia. Nilisema tulidhani mikutano ile ni ya chama kilichoshinda.

"Nani aliwaambia hivyo?"

Hakuna aliyetuambia. Tuliona bendera ya chama karibu na ofisi, tukajiambia wenyewe. Wenye chama kile waliposhindwa nao wakajiambia hivyohivyo. Kumbe miaka yote hiyo mkutano ulikuwa unaitishwa, na kijiji kizima kinakaa nyumbani kwa zamu.

Kornelia alitoka dukani kichwa kinamzunguka. Njiani aliniuliza mara tatu kama kweli mwanamke asiye na kadi anaweza kunyoosha mkono. Nilimjibu ndiyo. Aliuliza kwa nini basi wanahangaika kutugawia kanga.

Tulipofika Kilimani niliandika barua kwa mtendaji wa kijiji, Severine. Tuliomba habari ya bonde iletwe kwenye mkutano mkuu, na tukauliza kama kuna muhtasari wowote unaoonyesha wananchi walikubali. Watu sitini na mmoja waliweka sahihi. Kornelia hakutaka kuweka dole gumba. Aliandika jina lake herufi kwa herufi, na waliokuwa nyuma yake kwenye foleni waliamua kukaa chini.

Severine aliisoma barua mara mbili. Alisema muhtasari wa namna hiyo hana, na mkutano wa robo mwaka umeshachelewa. Wiki iliyofuata alibandika tangazo.

Mzee Basili hakutaka kwenda. Alisema ameshawapoteza watu mara moja, hatawapoteza tena. Kornelia hakubishana. Alitoka nje, akakusanya vigoda, vya kwetu na vya Gidahosh. Akajitwika kimoja kichwani na kuanza kuteremka. Mimi nikachukua changu. Eva akamfunga mtoto mgongoni, akachukua kingine. Nilipogeuka nyuma, Basili alikuwa amevaa koti lake na ameshika viwili. Nyuma yake Kilimani nzima ilikuwa inashuka na vigoda, mabenchi, hata ndoo za kukalia.

Uwanja wa ofisi ulijaa. Nikolausi hakutegemea umati ule, lakini alijikaza. Alieleza habari za ngano na trekta. Alisema kijiji kitapata sehemu ya mavuno. Wanakijiji wanaokaa upande wa barabarani walipiga makofi. Kisha akauliza kama kuna mwenye neno.

Hapo ndipo tulipokaribia kurudia kosa letu. Basili alikuwa amekasirika. Akanyanyuka. Hakusema kitu. Akaokota kigoda chake na kugeuka kuelekea njia ya Kilimani, kama baba yake. Na watu wetu, kwa mazoea, wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja kumfuata. Nikolausi alikuwa ameshafungua mdomo kuhesabu wanaokubali.

Kwetu mwanamke hamsimamishi mumewe kikaoni. Sijawahi kuona. Kornelia alisimama.

"Baba Eva," alisema, wala hakupaza sauti. "Hakuna atakayekuja kukuuliza. Wanaouliza ndio hawa. Weka kigoda chini, useme."

Waliokuwa wamenyanyuka kumfuata walisimama palepale. Basili alisimama pale muda mrefu. Nilidhani ataondoka. Kisha akaweka kigoda chini, akakikalia, akaona haitoshi, akasimama tena.

Hakusema maneno mengi. Alisema ana maksai wawili wanaolima mashamba ya nyumba nne, hata za wasio ndugu zake. Alisema mtamba wake amekufa korongoni kwa sababu yeye alinyamaza mahali pa kusema. Akawageukia watu wa barabarani. Akawauliza, trekta la yule bwana likishavuna na kuondoka, ng'ombe wao watakula nini. Mwisho akasema, "Sikumpigia Nikolausi. Patriki pia sikumpigia. Lilikuwa kosa langu. Lakini bonde halikugombea uchaguzi."

Mtu mmoja alicheka, wengine wakafuata, kisha mikono ya kuomba kusema ikajaa. Mama mmoja aliyevaa kanga ya Kengele alisema yeye ana mbuzi kumi na mbili na hajui atawapeleka wapi. Kijana wa Mwavuli, yuleyule aliyemzomea Kornelia, alimwunga mkono. Patriki naye alisimama kulitetea bonde kwa maneno matamu. Watu wakamwuliza ilikuwaje alipokuwa na nafasi. Akakaa.

Severine alihesabu mikono mara mbili. Waliokubali bonde lilimwe walikuwa themanini na tisa. Waliokataa walikuwa mia mbili thelathini na mmoja. Nikolausi alikunja karatasi yake. Mkutano ukaazimia kwamba bonde libaki malisho, na kijiji kiombe halmashauri ya wilaya ije ilipime.

Vijiti vyeupe viling'olewa. Kornelia aliviomba vya kuchochea moto. Mtamba wa Yaeda Chini bado hajarudi, na wapimaji bado hatujawaona. Safari hii kila mkutano kuna mtu wa Kilimani anayenyoosha mkono kuwaulizia. Nikolausi siku hizi anatusalimia kwanza.

Mimi mwenyewe bado sijaelewa mambo mengi. Juzi Kornelia aliniuliza tena, uchaguzi ujao kura zetu tuzipeleke wapi, kwa Kengele au kwa Mwavuli. Nilimwambia sijui. Alisema hata yeye hajui, na Basili hajui, lakini siku hiyo tutateremka wote asubuhi, na kabla ya hapo wagombea watapanda huku wakalie vigoda vyetu, tuwaulize.

Wiki moja baada ya mkutano, Severine alibandika muhtasari ukutani pa ofisi. Kornelia alinivuta mkono tukausome. Nilitaka kumsomea, akanikataza. Alianza juu kabisa, akiweka kidole chini ya kila neno, midomo inatembea. Ilichukua muda. Watu waliopita walitusalimia, hakuwaitikia. Alipofika kwenye ile namba, mia mbili thelathini na mmoja, kidole kikasimama.

"Mwalimu," alisema, "sisi tuko hapa."

Hakukiondoa kile kidole, hadi miguu yangu ikachoka kusimama.